Siku Niliyomwambia Dereva Apite

Ninafundisha udongo. Watu wasio wa fani yangu wakisikia hivyo hucheka, kwa hiyo nimezoea kuongeza haraka kwamba ni somo la chuo kikuu, lina maabara, lina mitihani, na wapo wanaofeli. Nilizaliwa kanda ya ziwa, nikaja Morogoro kusoma, nikabaki. Kila masika hupanda Milima ya Uluguru kuchukua sampuli: tunachimba shimo, tunasoma matabaka, tunajaza mifuko na makopo, tunashuka mjini.

Siku ninayoisimulia tulikuwa wawili tu garini, mimi na dereva wa idara. Alikuwa mtu wa Gairo, mpole, amebakiza mwaka na ushee astaafu. Kila asubuhi ya safari nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba huku akikagua matairi kwa kuyapiga teke dogo dogo. Shikamoo ile niliitoa kwa moyo. Lakini nimekuja kuona kwamba mtu anaweza kumwamkia mkubwa wake kila asubuhi kwa miaka, na asiwahi kumsikiliza hata siku moja.

Tulikuwa upande wa mashariki wa milima, mbele ya Mkuyuni, kule ambako barabara ikishaacha minazi huanza kupanda katikati ya migomba na pilipili manga. Asubuhi kazi ilikwenda vizuri. Saa sita mvua ikashuka, ya kelele, ya saa nzima, kisha ikakatika kama iliyoitwa kwingine. Tukapakia, tukaanza kushuka. Hatukufika mbali. Kwenye bonde moja dogo, ambalo asubuhi tulilivuka bila hata kubadili gia, sasa maji ya kahawia yalikuwa yamelala barabarani, yametulia kabisa, kama chai iliyosahauliwa.

Dereva alisimamisha gari, akashuka, akavunja fimbo kichakani. Alikunja suruali, akaingia hatua tatu, akachoma fimbo chini. Akarudi.

"Dokta, hapa tusubiri," alisema. "Maji yapungue. Yakigoma, tulale huku, tuvuke kesho."

"Kwani pana nini?"

"Ndiyo shida, hapana kitu. Fimbo inazama tu."

Nikitafuta leo sababu ya haraka yangu, siipati. Sikuwa na mgonjwa nyumbani wala kikao jioni ile. Nilichoka, miguu ilikuwa imelowa, nilitaka kuoga maji ya moto. Basi. Lakini sikusema hivyo. Nilisema sampuli za unyevu lazima zifike maabara siku ileile. Haikuwa kweli. Makopo yalikuwa yamezibwa kwa utepe, yangeweza kukaa hata siku tatu. Alipoendelea kusimama pale na fimbo yake, nikamwongezea elimu.

"Mzee, udongo wa mteremko huu nimeuchimba leo mwenyewe. Ni kichanga. Hilo tope ni la juu juu, chini ni pagumu."

Alinyoosha kidevu kuelekea upande wa juu wa bonde. Alama za matairi ya pikipiki zilikuwa zimeacha barabara na kuzunguka kwa mbali, zikapita ndani ya shamba la watu, zikarudi barabarani ng'ambo. Niliziona. Sikuzisoma.

"Pita tu, mzee."

Akanitazama kidogo. "Sawa, dokta."

Alifunga vitovu vya magurudumu ya mbele ili yote manne yavute, akaingiza gia ndogo, akaingia taratibu bila kuachia mafuta. Aliendesha vizuri mno. Nataka hilo lijulikane. Tulifika katikati. Kisha nikahisi gari likikaa, kama mtu mzima anavyokaa akishachoka, kwanza nyuma, halafu lote. Magurudumu yakazunguka, tope likarushwa mpaka kwenye kioo. Akajaribu kurudi nyuma mara mbili, ya pili kwa muda mrefu zaidi kuliko nilivyozoea kumwona akifanya, na harufu ya klachi kuungua ikaingia ndani. Akazima. Maji yalikuwa yanapenya chini ya mlango wangu na kulowesha viatu vyangu polepole.

Akafungua mlango wake, akashuka majini. Ningependa angenilaumu.

Nilipotia mguu chini ukazama hadi juu ya goti, na hapo ndipo mikono yangu ilinieleza nilichokataa kuelezwa. Nilichota tope, nikalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama ninavyowaagiza wanafunzi. Halikukwaruza hata kidogo. Lilinyooka kama utepe. Ulikuwa mfinyanzi mtupu. Mvua huosha mlima, mchanga mzito hubaki juu, chembe laini husafiri na maji mpaka yanapotulia, zikatua hapo mwaka baada ya mwaka. Hilo ni somo la wiki ya tatu, mwaka wa kwanza. Nimelitungia maswali ya mtihani.

Simu hazikushika mtandao. Dereva alitoa beleshi na ile jeki ndefu ya chuma, tukaanza kuchimba mbele ya magurudumu. Kila tulichotoa kilirudi. Gari lilikuwa limelalia tumbo, ekseli zote hazionekani. Jeki aliisimamisha mara tatu, na mara tatu badala ya kuinua gari ikajididimiza yenyewe, ikawa inakwenda chini taratibu huku tukiitazama.

Baada ya kama saa moja mama mmoja wa makamo aliteremka kutoka shamba la juu, lile lenye alama za pikipiki. Alikuwa amejifunga kanga mbili, jembe begani. Nilimwamkia, akaitikia, akatupa pole, kisha akalizunguka bonde lote kwa macho bila haraka.

"Nani kasema mpite hapa?" aliuliza, kwa ile lafudhi ya Kiluguru inayopandisha sauti mwishoni. "Hata pikipiki hawathubutu."

Nilifungua mdomo. Ninakumbuka kabisa kwamba niliufungua.

"Mimi, mama," dereva alisema. "Nilipima vibaya."

Nikaufunga. Kitambo kile kilikuwa kifupi, labda pumzi mbili. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, ni mimi, na pumzi ya kwanza ikapita, na ya pili, halafu mama yule akaanza kuzungumza juu ya maji na nafasi ikafungika. Au ndivyo nilivyojiambia.

"Mnahangaika na tope huku maji yanaingia," alisema. "Kwanza yazuieni."

Alipanda hatua kadhaa juu ya barabara, akapiga jembe. Sikuelewa mwanzoni alichokuwa anakitafuta, mpaka nilipoona mfereji unazaliwa nyuma yake, mwembamba, wa kukingama, ukiyapokea maji ya mlimani na kuyapeleka pembeni kwenye migomba. Dereva akaenda kumsaidia kwa beleshi. Robo saa haikuisha, maji kuzunguka gari yakaanza kushuka. Ardhi ilibaki laini vilevile, lakini sasa tulichokitoa kilikaa nje.

Ilibaki jeki. Dereva alisema anahitaji ubao mpana wa kuiwekea chini. Nikapendekeza vigogo vya migomba, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu.

"Mgomba unateleza, dokta," alisema, kwa upole uleule wa siku zote.

Mama yule aliondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na dada yake, mkubwa kwake kidogo, na kati yao wamebeba mlango. Mlango wa banda la mbuzi, wa mbao nene, bawaba zake za kutu zikining'inia.

"Na mbuzi je?" nikauliza.

"Wamefungwa kamba."

"Utavunjika huu, mama," dereva akamwonya.

"Uvunjike. Ni mbao tu."

Tukaulaza topeni, jeki ikasimama juu yake. Gurudumu la kwanza likapanda kwa sauti ya kufyonza. Dereva aliagiza mawe; mawe yalikuwa kwenye kingo za shamba, mahali walipoyapanga kuzuia udongo usikimbie. "Chukueni, tutapanga tena," wakasema. Kazi yangu ikawa hiyo. Nilivua viatu, nikatembea peku kutoka kingo hadi garini na kurudi, jiwe moja moja tumboni, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilisahau aibu, nikaikumbuka, nikaisahau tena. Dereva alilala kifudifudi kwenye tope akiyapanga kwa mkono chini ya gurudumu, uso wake sentimita chache kutoka kwenye chuma. Mtu aliyebakiza mwaka astaafu. Kwenye gurudumu la tatu mlango ulipasuka katikati kwa mlio wa bunduki. Wakasogeza nusu moja juu ya nyingine, kazi ikaendelea.

Jua lilikuwa limeshapotea nyuma ya milima alipoingia nyuma ya usukani. Nilidhani atakwenda mbele. Akaingiza gia ya kurudi.

"Mbele sikujui," alisema dirishani. "Nyuma nimeshapaona."

Sisi watatu tulisukuma kutoka mbele, mabega kwenye bampa. Gari likatikisika, likapanda mawe, likateleza upande, likashika. Lilitoka kinyumenyume hadi pakavu, likasimama likifuka moshi, na yule dada mkubwa akapiga vigelegele peke yake. Nilikuwa nimeanguka kifudifudi. Niliinuka nikicheka, halafu nikaona kwamba tumesimama palepale dereva alipotaka tungoje, na tutalala hukohuko alikosema tulale.

Tulilala kwa wale ndugu wawili. Walitupa magimbi na maharage na maji ya moto ya kuoga, kwenye ndoo, yale niliyoyatamani mchana. Asubuhi vijana wa pikipiki walimsaidia dereva kusawazisha njia yao ya shambani, tukavuka. Wiki tatu baadaye nilirudi nikiwa na mlango mpya wa mninga uliotengenezwa na fundi wa mjini. Wale ndugu waliucheka. Walisema mlango mzuri hivyo mbuzi wataukosea heshima, wakaufunga kwenye jiko lao.

Lakini katika safari hiyo ya kupeleka mlango niliendeshwa na dereva mwingine, na hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Klachi ilikuwa imekwisha. Ofisi ya usafirishaji ilidai maelezo, na dereva wangu akaandika: alikadiria vibaya kina cha tope. Wakamwondoa kwenye safari za mashambani, wakampa basi dogo la wafanyakazi, chuoni hadi Msamvu, Msamvu hadi chuoni. Nilizipata habari hizo kwa kupita tu, kutoka kwa katibu wa idara, nikiwa nimeshika kikombe. Na niseme ukweli: sikwenda ofisini siku ile, wala iliyofuata. Nilijiambia kazi ya basi ni nyepesi kwa umri wake. Nilijiambia huenda hata anaipenda. Siku tano nilitembea na sababu hizo, kila moja nzuri kuliko nyingine.

Siku ya sita nilikwenda. Afisa aliyehusika alinisikiliza, akatabasamu. "Dokta, usukani alishika yeye."

"Amri nilitoa mimi. Alikataa, nikamlazimisha. Na nilimdanganya."

Alisema niandike. Nikaandika ukurasa mmoja, pamoja na lile la makopo ya sampuli, na kalamu iligoma hapo kuliko kwingine kote. Kisha nikamtafuta dereva. Nilimkuta kituoni ndani ya basi lake, anafuta dashibodi, abiria hawajaanza kuja. Nilimwamkia, nikakaa kiti cha nyuma yake, nikamweleza nilichofanya. Alishukuru.

"Kwa nini ulisema ni wewe, mzee? Pale bondeni."

Aliendelea kufuta. "Pale tulikuwa tunahitaji jembe la watu. Mwenye kuomba jembe haanzi kwa kugombana na mwenzake."

"Na ofisini?"

Kitambaa kikasimama.

"Ofisini nilikuwa nakungoja wewe useme," alijibu. "Karatasi walinipa Jumatatu. Nikakaa nayo mpaka Alhamisi."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa ya basi kuondoka. Nilihesabu kichwani: Jumatatu ile nilikuwa maabara, ghorofa ya chini, mlango wazi. Jumanne vilevile. Alikuwa akipita hapo kila siku kuchukua funguo.

Nikamwomba radhi. Akasema yameisha, abiria wakaanza kuingia, nikashuka.

Walimrudisha kwenye safari za mashambani kabla masika hayajaisha. Nilifurahi, nikasubiri kupangiwa naye. Ilipofika zamu ya idara yetu, alikuja mwingine. Niliuliza, nikaambiwa ameomba mwenyewe kwenda na watu wa misitu, kule Mgeta. Sikuuliza zaidi. Tulikutana mara nyingi baada ya hapo, kwenye karakana, kwenye foleni ya benki, mara moja msibani, na kila mara nilimwamkia, akaitikia na kuuliza hali ya watoto wangu, kwa ukunjufu usio na doa. Alistaafu akarudi Gairo kulima karanga.

Wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza bado ninafundisha jinsi mfinyanzi unavyosafiri. Ninawasimulia wanafunzi habari ya bonde lile, na jina la aliyesema pita huwa ninalitaja mwanzo kabisa, kabla hawajapata nafasi ya kukisia. Wanacheka. Halafu yupo mmoja kila mwaka, huwa amekaa nyuma, anauliza kama dereva yule alisamehe. Huwa ninamjibu kwamba aliniambia yameisha, na kwamba sijui.