Mezani kwa Baba Kwanza

Karani wa mapokezi pale hospitali alikuwa na binti mmoja tu, na kwa kumsifu huyo binti hakuna aliyemweza. Ukimsalimia, umekwisha: utahadithiwa habari za mwanangu hadi masikio yachoke. Na haki yake, jamani. Binti ndiye aliyesimamia kompyuta zote mle ndani, vile visanduku vidogo vilivyofungwa nyuma ya skrini, ambavyo vyenyewe havihifadhi kitu. Kila kitu hutoka kwenye seva moja, kompyuta mama iliyofungiwa ofisini kwake. Programu ya usimamizi ilimwonyesha visanduku vyote, na akibofya mara moja tu, vyote vinabadilika, kuanzia mapokezi hadi wodi ya wazazi.

Utamu wa kazi ulikuwa hapo, na hatari pia. Fundi aliyemtangulia alibofya siku moja bila kujaribu kwanza, hospitali nzima ikasimama, naye akafungasha virago. Kwa hiyo binti akajiwekea desturi: jambo jipya lolote lianzie mezani kwa baba yake.

Hilo lilimkera mzee. Wauguzi walimpachika jina la Mwonja Mchuzi, naye akicheka nao, lakini moyoni lilimchoma. Ina maana katika watu wote, wa kuharibiwa kazi ni baba mzazi?

Ikafika siku ya kubadili mfumo endeshi wa visanduku vyote. Wakubwa walijaa mapokezi, mganga mkuu mbele, binti na kompyuta yake ya mkononi kando ya meza ya mzee. Kisanduku cha mzee kikajizima, kikawaka, kikawa chepesi ajabu. Watu wakapiga makofi. Mganga mkuu akasema haya, wapelekee wote.

Mzee alikuwa ameshamwandikisha mama mmoja mjamzito na kumchapia utepe wa mkononi. Akausoma. Jina la tatu halimo. Akachapa mwingine, vilevile. Wodini wanaofanana majina mawili ni tele. La tatu ndilo linalomtenga huyu na yule, mtu asije akapewa dawa ya mwenzake. Lakini amwaibishe mwanawe mbele ya wakubwa, tena siku yake?

Binti akamgeukia. "Baba, niwapelekee?"

"Bado, mwanangu."

Akamkabidhi utepe. Binti akausoma, akainamia mipangilio, akakuta mfumo mpya unadhani utepe ni mfupi kuliko ulivyo. Akarekebisha, akaanza upya na kisanduku cha baba peke yake. Safari hii majina yakatoka matatu.

Mganga mkuu akauliza, nusu utani, tangu lini hospitali nzima ikangoja ruhusa ya karani.

"Wengine hapa watanisifu hata nikiharibu," binti akasema. "Huyu hajanidanganya tangu nizaliwe. Ndiyo maana naanzia kwake."

Loo! Mzee akainama akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, maana machozi hayana adabu. Fahari ilimjaa kifuani. Alipoinuka aliwakuta wakubwa wote wamesimama wanamtazama, na binti bado anamngoja, kidole juu ya kitufe.

"Sasa," akasema mzee.

Binti akabofya.