Mama Mkwe Kwenye Meza ya Shambani

Mimi ni Mkamba, na kukaa na ardhi bila kuilima siwezi. Nilipoolewa na Mmaasai hapa nje ya Kitengela, mama mkwe alitukatia kipande cha malisho yake nilime kwa kujaribu tu. Kwake yeye majani ni chakula cha ng'ombe, na hajawahi kuonja hata jani moja la shamba langu. Mwaka huu akamwambia mume wangu kwamba nyasi zikipungua tena, waya unaozungushia shamba langu utatolewa na ng'ombe watarudi pale. Basi tulipoalika wageni kutoka Nairobi waje kula mazao yetu, meza ikiwa imetandikwa kando ya matuta yenyewe, nilisema lazima naye awepo. Nilitaka ale. Akikataa, nilijua shamba limekwisha.

Sikulala usingizi wa maana wiki hiyo. Nilikoboa mahindi kwenye kinu kwa mikono yangu, nikayapika muthokoi pamoja na mbaazi mbichi, nikachuma majani machanga ya kunde na pia malenge. Mume wangu alichinja mbuzi. Ujanja wetu ulikuwa huu: nyama hawezi kuikataa, na mkono ukishazoea sinia, pengine utateleza mpaka kwenye kunde.

Alifika akitoka kuwatembelea jamaa Mashuuru, jua likiwa bado kali. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kunisalimu, nikamketisha kivulini. Kwa kiherehere changu nikamletea kikombe kikubwa cha maziwa. Akanywa yote.

Mume wangu alikuja na sinia la nyama, akakiona kikombe cha yeyo, yaani mama yake.

"Yeyo amekunywa nini?"

"Maziwa."

"Ai! Na hii nyama sasa?"

Miaka yote hii nimeishi nao, halafu nasahau jambo ambalo hata mtoto wa boma analijua: aliyekunywa maziwa hali nyama siku hiyo. Mama mkwe halegezi kamba kwa mambo hayo. Nilijikasirikia mpaka nikatamani kurudi jikoni nisitoke.

Sinia lilipita. Wageni walilamba vidole. Yeye aliliacha lipite, mikono ndani ya shuka, sahani yake nyeupe kama ilivyotoka kabatini. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikajaza bakuli muthokoi, nikaweka kunde juu, nikampelekea.

"Hii ni nini?"

"Ni mahindi na mbaazi, yeyo. Na kunde."

"Majani."

"Ndiyo. Majani."

Sikumbembeleza. Mimi pia niko na kichwa ngumu. Alilitazama bakuli, akaitazama nyama iliyokuwa ikienda mbali naye, akashika kijiko. Alitafuna polepole, bila kumtazama mtu. Akachota tena. Mume wangu alisimama na kisu mkononi akasahau alikuwa anakata nini. Mimi nilijifanya napanga vikombe, mpaka nikasikia kijiko kikikwaruza chini ya bakuli.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akaniuliza, "Hizi kunde mmefanyia nini? Mbona tamu hivi?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alijibu.

"Mbolea. Hiyo ni ya ng'ombe yangu."

Meza nzima ilicheka. Yeye hakucheka hata kidogo, alikuwa amekaa wima kama mwenye sherehe. Na alisema kweli, samadi yote inatoka bomani kwake. Nilijivuna jioni ile, sifichi. Nilijivunia kunde zangu, nikamjivunia na yeye anavyojivuna.

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Hiyo waya isogeze. Ifike kwa ule mgunga wa malishoni. Ng'ombe watapita huku ingine."

Akaninyooshea bakuli.

"Na wewe, ongeza. Huyu usimpatie, yeye ako na nyama."