Mtoto wa Redioni Aliyengojewa Stesheni

Mwaka 1957, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi pale Mpanda, hakuna mama wa kambo aliyesemwa kama Verdiana. Kosa lake lilikuwa moja tu: mwanamke mwingine kabisa, huko Dar es Salaam, alikuwa akimtesa mtoto ndani ya redio.

Tuanze na Verdiana mwenyewe, maana waliomsema hawakuwahi kuanza naye. Alikuwa Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, mfupi, mwenye mikono iliyokomazwa na kutwanga mpunga. Wazazi wake walifariki mapema, akalelewa katika nyumba tatu za ndugu, na katika zote tatu alijifunza kula bila kuulizia nyama. Hakujaliwa kuzaa. Alipoolewa na Melkior, mchimbaji aliyefiwa na mkewe Romana, alikuta watoto wawili. Lusia, wa miaka saba, alimtazama kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenyewe. Krispini alikuwa bado anajifunza kutembea.

Miaka miwili ikapita. Krispini hakujua mama mwingine. Lusia naye, bila kumtangazia mtu, akaanza kumletea Verdiana kichwa chake kila Jumapili alfajiri asukwe kabla ya misa. Verdiana aliona huo ndio utajiri wake wote hapa duniani, na aliogopa kuutaja asije akaupoteza.

Ndipo ikaja redio. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, Gelasius, karani wa kambi, alifungua jumba la mikutano, akaiweka mezani pamoja na betri yake, na watu wakajaa mpaka madirishani. Walikuja kusikiliza habari za nyumba ya Mzee Zubeiri, mambo yasiyokwisha. Wiki ya kwanza mke mpya, Bi Chausiku, alimnyima mtoto Zena uji. Wiki ya thelathini alikuwa bado anamnyima, na mtoto, kwa kudra za Mwenyezi Mungu, alikuwa bado hai. Aliyetunga mambo yale alikuwa mvivu, mimi nasema wazi. Kwake kila aliyezaa alikuwa malaika na kila asiyezaa alikuwa nyoka. Bibi yake Zena aliyekaa shamba hakukosea hata siku moja, na baba alikuwa hana macho wala masikio hadi mwisho wa mwezi.

Lakini pale kambini karibu hakuna aliyejua kwamba kuna mtungaji. Redio ileile ilitangaza bei ya pamba, na bei ikawa kweli. Ilitangaza mafuriko, na gari la moshi likachelewa kweli. Kwa nini Zena awe uongo? Wanawake walilia hadi khanga zikalowa, kisha wakatoka nje wakamtafuta wa kumkasirikia. Bi Chausiku alikuwa mbali, ila Verdiana alikuwa jirani tu, anateka maji. Wakaanza kumwachia kisima peke yake. Wakamwita Lusia pembeni na kumkagua mikono kama ina alama za moto.

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mchuuzi mmoja wa dagaa alizibeba habari hizo hadi Karema, na njiani zikachanganyika zote gunia moja, za Zena na za Lusia. Zilipomfikia Marsela, mdogo wa marehemu Romana, hazikuwa tena habari za watoto wawili, bali za Lusia peke yake. Marsela alipanda lori la kwanza kwenda Mpanda, akaapa kutorudi bila watoto wa dada yake.

Kikao kikawekwa Jumapili baada ya misa, barazani kwa Melkior. Shangazi yake Melkior, mama Theopista, aliletwa kutoka Mamba kuja kuamua. Gelasius alikaa na kalamu yake, na majirani wakajipanga ukutani bila kualikwa. Ukoo wa marehemu ukithibitisha mateso, ungewachukua watoto, na hilo kila mtu alilijua. Verdiana alikaa chini na Krispini mapajani, akimkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akageuka kumtazama.

Marsela alipewa kigoda akakikataa.

"Mimi sikuja kugombana, shangazi," alisema. "Nimefuata damu ya dada yangu. Mtoto ananyimwa uji. Analala jikoni na kuku. Kanyolewa kwa wembe butu. Na huyu baba yake haoni kitu, kalishwa dawa."

Mama Theopista alimwita Lusia, akampapasa kichwa. Kilikuwa kimesukwa mistari saba, imenyooka na kung'aa mafuta.

"Huo wembe ulipita wapi, mwanangu?"

"Mbona huyo ni Zena," sauti ikatoka ukutani, na watu wakaguna.

Marsela hakumjua Zena ni nani, lakini alijua anachekwa. Aliyekuja kwa lori siku nzima hawezi kurudi hivi hivi, kwa hiyo akashika silaha nyingine.

"Basi na mimi niwaulize nyie majirani. Jana mliniambia wenyewe. Kila Alhamisi, gari la moshi likiingia, huyu yuko stesheni na furushi. Mke wa mtu na furushi lake, kila wiki, anakwenda wapi? Siku moja atapanda, watoto abaki nao nani?"

Sasa hapo hakuna aliyecheka. Melkior, ambaye kila Alhamisi alikuwa chini ya ardhi, alimgeukia mkewe taratibu. Hakuwa na habari. Verdiana alimwinamia Krispini. Kulikuwa na jambo alilolifanya bila kumwomba mumewe ruhusa, na kulisema mbele ya watu wote hao aliona haya. Mama Theopista alingoja, akangoja, na uso wake ukaanza kuwa mgumu.

Lusia ndiye aliyeingia ndani. Alitoka na furushi, akalifungua mbele ya shangazi: kikombe cha bati, shuka moja, na gauni jipya la kitambaa cha marekani lililotiwa rangi, dogo, lisilomwenea mtu yeyote wa nyumba ile.

"Hili la nani?" aliuliza mama Theopista.

"La Zena," alisema Lusia. "Mama kaandika barua aje akae na sisi. Mimi nimekubali, nitalala naye."

Gelasius aliweka kalamu chini. Alisema barua hiyo aliiandika yeye kwa mkono wake, Verdiana akimtamkia, na alikuwa anaikumbuka neno kwa neno.

"Kwa Bwana Mkubwa wa Redio. Huyo mtoto Zena mpandisheni gari la moshi. Kaliua abadilishe behewa, mtu amwamshe. Mimi nitakuwa stesheni ya Mpanda kila Alhamisi mpaka afike. Ninao wawili, na mmoja zaidi hatatubana. Baba yake mwambieni asione haya. Akija kumtazama atakula wali."

Ukutani kicheko kilianza kupanda. Gelasius hakucheka.

"Mama Lusia, nisamehe. Nilijua, nikashindwa kukwambia. Zena hayuko. Ni mchezo. Watu wamekaa mezani wanasoma karatasi."

"Kwa hiyo hakuna mtoto anayelala na kuku?"

"Hakuna."

"Na njaa hana?"

"Anaisoma tu."

Verdiana alishusha pumzi ndefu.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Mvua zile zilivyonyesha, nilikuwa silali."

Kicheko kikakatika. Mama Theopista aliwatazama mmoja mmoja, kuanzia mlangoni.

"Nyie mlilia kila Jumamosi. Haya, nani mwingine alikwenda stesheni?"

Akamsogeza Lusia karibu na Verdiana.

"Basi kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Watoto hawatoki nyumba hii. Na atakayemsema tena huyu mwanamke, aje anisemee mimi, nipo mpaka mavuno."

Wanawake wakapiga vigelegele, wale wale wa kisimani, tena kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Melkior, mtu wa maneno machache, aliliokota gauni akalikung'uta vumbi. "Ungeniambia," alimwambia mkewe. "Ningechonga kitanda." Verdiana akalia hapo hapo, kwa furaha, bila kujificha.

Marsela alikivuta kigoda akakaa, akala wali wa Verdiana hadi sahani ikawa nyeupe. Kesho yake kambi nzima ilimsindikiza kwenye lori la Karema. Mguu mmoja ukiwa tayari juu ya tairi, aligeuka, akapaza sauti ili wote wawe mashahidi.

"Dada Verdiana. Mimi ninao wanne. Mungu akiniita kabla yako, wasipelekwe kwa mtu mwingine yeyote. Waletwe kwako."

"Wewe ishi," alisema Verdiana. "Ila walete hata Krismasi."