Phonie Bila Salamu

Ukimaliza kusoma hii, utasema: huyu ni zoba, mujinga kabisa. Bon, sema tu. Mama yangu alikwisha kusema mbele yako.

Nilikuwa kijana, nimeacha masomo kwa primaire, lakini kwa mudomo nilikuwa na diplôme. Nilikuwa natumika kwa phonie ya papa mumoja wa biashara, mutu wa Butembo. Phonie ni ile redio ya kusemeshana na watu wa mbali: mashini juu ya meza, batri ya motokari chini, waya inafungwa kutoka munazi mumoja mpaka mungine. Poste yetu ilikuwa hapa Kisangani, commune ya Tshopo. Papa patron alikuwa na ingine Banalia, na ingine Opala.

Watu wa biashara walianza kupenda ile kitu sana. Unauliza bei ya muchele Opala mbele haujapanda pirogue! Lakini sasa foule, watu wengi. Banc ya kungojea inajaa, batri inakufa, Banalia hata haijasema kitu. Juu ya nini? Salamu. Mama mumoja anakuya na neno moja, lakini anasalimia kwanza muji muzima: tonton, bibi ya tonton, mutoto anaota meno, mupaka mbuzi. Kisha tu: "Leta mafuta. À vous."

Papa patron akaniambia, "Wee kijana, akili yako ni ya kuchekesha watu tu? Tafuta namna."

Nikatafuta. Nikachukua makala ya moto, nikachora réseau, njia ya kila poste, juu ya mufuko ya muchele. Opala asubuhi, wakati inasikika muzuri. Banalia kisha. Kama Opala haisikii, Banalia inapitisha. Kila mutu: jina, neno, terminé, imekwisha. Salamu, zéro. Nikajiita citoyen ingénieur, na ilitembea kweli! Batri moja ilikuwa inafika magaribi. Papa patron akaninunulia chupa ya masanga, pombe ya baridi.

Basi akakuya jirani yetu, mama mumoja wa kuuza pundu, majani ya muhogo, kwa soko. Mutoto yake mwanaume alikuwa Opala kwa tonton, mujomba yake, ananunua muchele. Na dada ya ule kijana alikuwa karibu kuolewa. Ile muchele njo ilikuwa ya karamu. Mama akakaa, akasafisha koo.

"Opala, mbote. Tonton, uko? Na bibi yako, mugongo yake inaendelea—"

Nikamunyanganya micro. "Mama, hii ni réseau, haiko soko ya pundu. Sema neno."

Watu wa banc wakacheka. Nikapenda vile walicheka. Mama akaniangalia, akainamisha kichwa. "Bon. Umwambie akuye mbio."

Nikatupa: "Opala, kwa kijana wa muchele: kuya mbio kwa mama, Tshopo. Terminé."

Kwetu, toka phonie ilianza, habari moja tu inapita bila salamu: kifo. Hauwezi kuuliza watu "muko muzuri?" na maiti iko ndani ya nyumba. Kwa mambo ya bei haikusumbua mutu, muchele haina mama. Lakini hii ilikuwa neno ya jamaa. Na mimi nilikuwa najua ile desturi. Nikisema sikujua, nadanganya. Ni ingénieur alisahau.

Siku zikapita. Mama alikuwa anatwanga pundu kwa kiwanja yake, mimi napita kando ya lupango yake ya matete. Tukasikia kilio kwa njia. Kijana wake anaingia, kichwa imenyolewa, matonton wa Opala nyuma yake, wamama wamefunga vitambaa. Mama akatupa mutwango.

"Ni nani? Ni nani amekufa?"

Hakungoja jibu. Akajiangusha chini, akalia nao. Alilia sana, na hakujua analia nani. Ule kijana akasimama, mudomo wazi.

"Mama," akasema. "Ni wewe."

Tonton mumoja akakimbia mupaka kwa njia, sawa ameona muzimu. Siku ingine ningekuwa wa kwanza kucheka. Ile siku hakuna mutu alicheka. Kijana akasema muchele yote aliacha kando ya muto Lomami, haikufunikwa, na mvua ilikuwa imeanza. Kisha akaniona nyuma ya lupango.

"Ile sauti ilikuwa ya nani? Yako?"

Nikasema, "Yangu." Nikatafuta neno ya kuchekesha. Haikukuya.

Kesho yake asubuhi mama akafika kwa phonie, amevaa kikwembe yake ya muzuri. Kule Opala walikuwa bado wanakaa matanga yake, wanalala inje. Banc ilijaa, hakuna mutu aliniangalia. Nikashika micro.

"Opala, Opala, ule mama wa Tshopo iko muzim—"

Mama akaniwekea mukono kwa bega.

"Mutoto yangu," akasema, "watasikia kifo tena, watakimbia phonie. Anza na kusalimia."