Nilipoisimamisha Redio

Kuisimamisha kuligharimu bando la elfu moja na mazishi ya baba. Juzi nilimwona mpwa wangu akisimamisha redio kwenye simu ili akachote maji, nikakumbuka.

Nilikuwa mdogo, na baba alikuwa hajarudi kutoka kuvua ziwani. Nyumbani Misunkumilo, mbali na ziwa, mama alifungua mtandaoni redio ya kule ziwani, mtangazaji akisoma majina ya waliokufa na siku za kuwazika. Dagaa wakanuka kuungua, mama akakimbilia jikoni. Nikabonyeza kusimamisha, nikidhani mtangazaji atanyamaza na baba hatafa. Nikahesabu mpaka mia, nikarudia kwa uhakika, nikafungulia. Ulikuwa muziki; majina yalishasomwa yakaisha.

“Mtandao gani huu, mwanangu?” mama aliuliza aliporudi.

Tulipopata habari, baba alikuwa ameshazikwa. Mama anaulaumu mtandao mpaka leo. Nyie mngekuwa mimi, mngemwambia?