Kitambaa Juu ya Kompyuta

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, amfundishaye mja asilolijua, na aliyeniachia umri wa kulisimulia hili bila kinyongo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika hoteli moja ya Diani. Tangu ujana wangu nilikuwa mtu wa taipu. Wageni walipopungua, meneja alitangaza kwamba karani atabaki mmoja tu, naye ni yule atakayeimudu kompyuta. Nyumbani Tiwi nilikuwa na mke, na mama asiyeona, na mshahara ule ndio uliotulisha. Basi nilikaa chini nikafundishwa na msimamizi wa mashine, bwana mmoja kutoka bara ambaye ningeweza kumzaa. Nilimwita mwalimu.

Nilipewa kuandika upya kanuni zote za wafanyakazi. Zikitoka safi mwisho wa mwezi, kazi ni yangu.

Kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Redio hufunikwa, mtungi wa maji hufunikwa. Mke wangu alinifumia kitambaa cheupe, akaniambia, "Upepo huu wa chumvi hula hata vitasa vya milango. Kifunike chombo cha watu."

Ijumaa, nilipotoka kwenda kuswali, nilikitandaza juu ya mashine yote, kikaning'inia mpaka nyuma. Sikuizima, kwa kuwa mwalimu alikuwa amenionya kwamba ikizimwa vibaya hufa. Alikuwa amesimama mlangoni pamoja na binti wa mapokezi.

"Shehe, unalaza mtoto?"

"Naikinga vumbi, mwalimu."

"Poa. Mfunike vizuri basi, asishikwe na baridi."

Binti alicheka. Nikacheka nami, nikidhani ni utani wa kazini.

Niliporudi, kioo kilikuwa cheusi na chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Feni ndogo ya nyuma ilikuwa imekivuta kitambaa ikazibwa, na mashine ikajipika yenyewe.

"Si ulisevu?" mwalimu akaniuliza, mikono mfukoni.

"Nilihifadhi kila ukurasa, kama ulivyonifundisha."

"Ulihifadhi wapi?"

"Humo ndani."

"Basi umehifadhi ndani ya maiti."

Disketi, zile sahani ndogo za kunakilia kazi, alizifungia kwenye droo yake. Kila nilipomwomba moja, alinijibu kwamba bado sijakomaa.

Alinitanguliza kwa meneja. "Nilimwona akiifunika," alisema, tena bila haya, "lakini wazee hawa hawaambiliki." Hata neno moja la kunizuia hakuwa ameniambia. Meneja aliniachisha kazi alasiri ile ile.

Nilirudi ofisini kuchukua kofia yangu. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya mashine nyingine, na printa ilikuwa ikitoa kanuni nilizoziandika, ukurasa baada ya ukurasa. Nilikuja kujua kwamba alikuwa ameandika faili dogo la amri. Kila jioni nilipoaga, alilifungua, likanakili kazi yangu yote kwenye disketi yake.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Kumbe hakuna kilichopotea. Twende tukamwambie meneja."

"Kilichopotea ni wewe, mzee." Akanitupia kitambaa. "Chukua sanda yako. Bado ina joto."

Nilimshukuru kwa aliyonifundisha, nikampa mkono. Hakuupokea. Alizigonga karatasi mezani zikakaa sawa, akazipeleka kwa meneja kama kazi yake.

Leo nayajua yale ambayo angeweza kuniambia kwa pumzi moja. Mgongo wa mashine hutaka hewa, usiufunike wala usiusukumize ukutani. Kazi iliyo mahali pamoja tu haijahifadhiwa. Inakili pengine, kisha uifungue huko uhakikishe inasomeka. Na faili la amri si uchawi, ni mistari miwili mitatu inayoiambia mashine ichukue nini, ikiweke wapi. Niliyajua baadaye, kwa kuulizauliza katika maduka ya kupigisha chapa Ukunda. Hapakuwa tena na aliyetaka karani wa umri wangu.

Tulikula mihogo. Mama alifariki akidhani hoteli imefungwa kwa muda tu, na kila asubuhi alimwuliza mke wangu kama kanzu yangu ya kazini imepigwa pasi.

Ewe unayesoma, Mola akujaalie mwalimu asiyekuficha, akupe riziki isiyo mikononi mwa mwenye dhihaka, na siku utakapokuwa wewe ndiye ajuaye, akufungue mdomo mapema. Amin.