Kaburi Lililotukinga Mvua

Mwaka juzi mume wangu alikuwa na mchanga wa lori moja na nia mbili. Mimi nilikuwa na moja tu: jiko lenye kuta. La zamani lilikuwa limeegemea mgomba, na mvua ikinyesha nilikoroga kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mwavuli. Yeye alitaka kujijengea kaburi. Mzima kabisa, anakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, sahani mbili, lakini alikuwa amesikia kwamba barabara ya Muleba kuna mtu amejijengea lake la vigae, na wasafiri wanasimamisha magari kulipiga picha.

"Twende ukalione, mama, ndipo useme," akaniambia.

Jumamosi tukatoka kwetu Buhembe na kigari chetu. Njia nzima mume wangu akawa mwongoza watalii. Akanionyesha panzi senene wa saruji mbele ya baa, mkubwa kama ndama, na fundi amempa miguu minne kama ndama kweli. Mbele kidogo akanionyesha geti lenye simba wawili. Mwenye nyumba yuko Dar, simba wanawalindia popo.

"Unaona Wahaya tulivyo na maendeleo?" akasema.

Nilimwomba Mungu anipe uvumilivu. Akanipa mvua.

Ilianza kumwagika tulipokuwa tunashuka garini. Kaburi liko hatua chache kutoka kwenye lami: vigae vya bluu, nguzo nne, paa la bati jipya, na taa ya sola. Wameandika kwamba marehemu alikuwa baba mwema aliyejali familia yake, tarehe ya kufa wameiacha wazi. Marehemu mwenyewe alikuwa ameketi juu yake, anatafuna punje za kahawa.

"Karibuni, waitu, ndugu zetu! Ingieni huku huku, nyumbani kunavuja."

Nilidhani anatania. Mara mkewe akatoka mbio kwenye nyumba ya nyuma, sufuria mkononi, jiko la mkaa mkono wa pili. Akalitua kwenye ukingo wa kaburi, akaanza kupuliza.

"Dada, jiko lako la kujengwa liko wapi?" nikamuuliza.

"Si hili?" Akagonga kigae kwa mwiko. "Mvua ikinyesha napikia hapa. Huyu akifa sijui nitapikia wapi."

Marehemu akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. Mume wangu hakucheka. Akauliza, "Na mama naye umemtengea nafasi humu?"

"Humu ni mtu mmoja. Yeye ataangaliwa."

"Na nani?" mkewe akadakia. "Na wewe, ukiwa umeshalala kwenye vigae?"

Tulipewa ndizi na maharage, tukala pale pale, miguu inaning'inia. Gari moja likapunguza mwendo, kioo kikashuka, simu ikatokeza, wakatupiga picha na sahani zetu, wakaondoka.

"Mnaona?" marehemu akasema. "Kila siku hivi."

Tukashika njia ya kurudi. Mume wangu akasema, "Lakini vile vigae ni vizuri."

"Vizuri sana."

"Mtu anataka akumbukwe, mama."

Sauti yake ilinitia huruma, maana hilo halikuwa la mzaha. Nikamwambia, "Baba watoto, mimi nakukumbuka kila mvua ikinyesha. Siku Mungu akikuita tutakuzika vizuri, kwaya nzima itaimba. Lakini leo mimi na wanao tunalowa."

Akapangusa kioo cha gari kwa kiganja.

Jumatatu fundi akaja na kamba yake, akauliza aanzie wapi. Mume wangu akatazama pale alipochagua pa kaburi, kwenye migomba yangu minono ya karibu na nyumba. Mimi nilikuwa nimeshasimama hapo na jembe, napalilia pasipo na jani. Akaniangalia, akaangalia jiko.

"Anza na la mama," akasema.

Mchanga wote uliishia kwenye kuta na sakafu. Siku niliyowasha moto mle mara ya kwanza alikuja akasimama mlangoni, akasema mwakani atanunua lori jingine la mchanga. Nikamwambia amina, nikamwomba anisogezee kuni.